UZI: Filamu za mtu mmoja, Ijumaa baada ya Ijumaa. Makumbusho ya sanaa wanafanya, na Dodoma tunaweza

#1 Upepo wa Chimwaga

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili nimelibeba muda sasa, na kila nikiligusia kijiweni hapa Dodoma naulizwa swali lile lile: filamu zipo kwenye simu, za nini kukusanya watu?

Nilikaa masomoni nje miaka miwili. Mji ule ulikuwa na makumbusho ya sanaa, na chini ya vyumba vya michoro kulikuwa na ukumbi mdogo wa sinema. Siku ya kwanza niliingia kukimbia baridi tu. Nikakuta bango la filamu za Ousmane Sembène wa Senegal, zimepangwa kwa miaka, kila Ijumaa jioni. Kabla ya picha kuanza akasimama mama mmoja, ndiye aliyezipanga, akazungumza dakika tano: filamu hii ni ya mwaka gani, fedha zilitoka wapi, mwenyewe alikuwa ameshapitia nini mpaka hapo. Akakaa. Picha ikaisha, taa zikawaka, watu wakabaki kwenye viti wakiulizana.

Ijumaa ile ilikuwa Borom Sarret ya 1963, kama dakika ishirini tu. Mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar anabeba watu kutwa nzima, wengine hata hawalipi. Mchana anakubali kumpeleka mteja mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamsimamisha. Anapotoa karatasi zake, nishani yake ya vita inaanguka chini, na polisi anaikanyaga. Unaona kiatu na nishani.

Majuma kadhaa mbele nikaona Camp de Thiaroye ya 1988, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow. Askari Waafrika wamerudi kutoka vita vya Ulaya, wanadai malipo yao, na Desemba 1944 wanapigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia. Pale ndipo nilipoielewa ile nishani chini ya kiatu. Filamu mbili zimepishana miaka 25, na mtu bado yuko na deni lile lile. Ukiiona moja peke yake kwenye simu, utasema nzuri, utapita. Ukiziona kwa mfululizo, kuna mtu unamsikia anazungumza maisha yake yote.

Hilo ndilo nataka tulijadili. Kuonesha filamu kila mtu anaweza. Kuzipanga ni kazi nyingine kabisa.

#2 Binti Kolo

Mbukwenyi ndugu zangu. Mkuu uzi mzuri, nimekaa. Ila nisaidie: makumbusho mimi najua ni mawe, mifupa, ngoma za zamani. Hapa Dodoma tunayo yale ya jiolojia, nilipelekwa nikiwa darasa la sita nikaona madini kwenye vioo. Filamu iliingiaje humo?

#3 Upepo wa Chimwaga

Dada swali lako ndilo waliloulizwa wenyewe miaka ya 1930. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, MoMA, ilifunguliwa 1929, na mwaka 1935 ikaanzisha maktaba ya filamu chini ya mama anaitwa Iris Barry. Wakati ule sinema ya sauti ilikuwa imeshafika, na zile za kimya zilionekana takataka. Kampuni ziliziacha zioze au kuziyeyusha ili wapate madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda. Barry alikwenda mpaka Hollywood kuwaomba wenye filamu wamkabidhi nakala zao. Mwaka 1940 wakaonesha kazi za D.W. Griffith, mwongozaji wa filamu wa Marekani, kwa mfululizo, na Barry akaandika kitabu cha kwenda nazo.

Ufaransa nao, mwaka 1936, Henri Langlois na wenzake walianzisha Cinémathèque ya Paris, yaani hifadhi ya filamu. Vita vilipoingia, Langlois alificha mikanda ili Wajerumani wasiiharibu.

Ukitazama vizuri utaona kuhifadhi na kuonesha vilizaliwa pamoja. Mkanda uliofungiwa kabatini hakuna anayeulilia ukioza. Ukishaoneshwa, watu wakaupenda, wanapatikana wa kuuchangia.

Na wewe wa Kolo nikuulize: pale miambani si mnayo kazi ya namna hiyo?

#4 Binti Kolo

Umenigusa. Pale kwetu Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, myekundu ndiyo ya zamani zaidi, watu wembamba warefu, wanyama. Juu yake au pembeni unakuta myeupe, mizito, ya wakulima waliokuja baadaye. Mwongozaji wa wageni akikosa kukueleza ipi ilitangulia, unaona madoa tu ukutani. Akikueleza, unaona watu wakifuatana mbele yako. UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini sisi watoto wa pale tulikuwa tunapita tukichunga mbuzi bila kujua ipi ni ya kwanza. Nimekuelewa sasa.

#5 Mwalimu Mstaafu

Vijana, nawasoma kwa makini. Naomba niwakumbushe kwamba nchi hii watu wameshawahi kupangiwa filamu, na waliozipanga hawakuwa wao.

Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya, kodi na mengineyo, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki, sauti ikiwa kwenye santuri ili wabadilishe lugha kufuata mahali. Filamu hizo karibu zote zimepotea. Zilizobaki ni tatu, ziko Uingereza: moja ya minyoo ya safura, moja ya mashamba ya Kingolwira kule Morogoro, na moja ya kuwafundisha Waafrika utabibu wa mifugo.

Hiyo ya mifugo ndiyo inanisumbua. Kwa mtu wa mkoa huu, ukisema utabibu wa mifugo wakati wa mkoloni umesema Mpwapwa, kituo kilikuwapo tangu Wajerumani. Wapo wajukuu wa wasaidizi wale wa mifugo wanaoishi Mpwapwa leo. Lini wataletewa ile picha waione kwenye ukuta wa kwao?

#6 Mtu wa Nala

Mwalimu shikamoo. Kwa heshima yote, kwa nini tuoneshe filamu ya mkoloni anayetuita wenyeji wasiojua kitu? Na huyo Griffith wa post #3, nasikia ndiye aliyetengeneza ile filamu ya 1915 iliyowasifu Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi wa Marekani. Makumbusho inampa heshima mtu wa namna hiyo?

#7 Upepo wa Chimwaga

Mkuu, ni yeye, na filamu hiyo ipo. Ndiyo maana nasema dakika tano za yule mama ni nusu ya kazi. Kuzionesha kazi za mtu zote kwa mpangilio kunamweka wazi, uzuri wake na uchafu wake. Ukiruka ile mbaya umemsafisha. Ukiionesha peke yake bila neno, umeieneza. Ukiiweka mahali pake, ukasema nani aliandamana kuipinga tangu mwaka ule ule ilipotoka, watu wanaondoka na kitu.

Na hiyo ya mifugo, mimi ningeionesha Mpwapwa kwenyewe, mchana ningepita kwa wazee kuwauliza, na jioni wazee wenyewe wangesimama kuisema. Wale waliopigwa picha hawakuulizwa neno mwaka 1936. Nafasi ya kuulizwa bado ipo kwa watoto wao.

#8 Jirani wa Chang'ombe

Mkuu Upepo, waambie habari ya mwaka ule tulipojaribu. Mimi nilikuwepo.

#9 Upepo wa Chimwaga

Nilitaka kufika huko.

Niliporudi, mimi na wenzangu wanne tulipata ua wa jengo moja Chang'ombe, projekta ya kuazima na ukuta uliopakwa chokaa. Tulifuata vibali, tukapata. Kosa tulilofanya lilikuwa la mpangilio. Tuliogopa watu watachoka, tukaanza na Xala ya 1975 kwa sababu inachekesha: tajiri anaoa mke wa tatu, usiku wa ndoa nguvu zinamwishia, anaanza kuzunguka kwa waganga. Watu walicheka mpaka machozi. Ijumaa ya pili tukaweka Borom Sarret. Waliokuja walikuja kucheka. Polisi alipokanyaga nishani, ua mzima ukaangua kicheko.

Nilikaa nyuma nimeshika kichwa. Watu hawakuwa na kosa. Sisi ndio tuliowafundisha Ijumaa iliyotangulia kwamba huyu mzee ni wa kuchekesha.

Mwaka uliofuata tukaanza upya, kwa miaka. Nikasimama dakika tano. Nikasema Sembène alizaliwa Ziguinchor 1923, alikuwa kuli bandari ya Marseille, akaandika riwaya, kisha akiwa anakaribia miaka 40 akaenda Moscow kusomea filamu kwa sababu wengi wa watu aliowaandikia hawakujua kusoma. Nikakaa.

Kimya kile sitakisahau. Mwisho wa filamu mkokoteni umeshikwa na polisi, jamaa anarudi na farasi tu, hana hata senti. Mke wake anamkabidhi mtoto, anatoka, anasema leo tutakula. Basi. Dereva mmoja wa guta akauliza, "Mkokoteni alirudishiwa?" Tukamwambia filamu haisemi. Akasema, "Na mke alikwenda wapi?" Akina mama waliokuwa kwenye mkeka wakamjibu kabla yangu, na hawakujibu jambo moja. Tulitoka pale saa nne usiku, Julai, baridi ya Dodoma mnaijua, watu wamejifunika mashuka na vitenge lakini hawaondoki.

#10 Jirani wa Chang'ombe

Naongezea ya mwisho aliyoisahau. Siku ya Moolaadé ya 2004. Ni ya mama anaitwa Collé anayewahifadhi wasichana wanne waliokimbia kukeketwa. Anafunga kamba ya rangi rangi mlangoni kwake, chini tu, hata mtoto anaivuka, na hakuna anayethubutu kuipita maana ni hifadhi ya kimila. Wanaume wanakusanya redio za wanawake wanazichoma moto.

Wakuu, mkoa wetu jambo hili bado tunapambana nalo, hatuna haja ya kufichana. Bibi mmoja wa Kigogo alinyanyuka mwisho wa picha akaomba irudishwe pale kamba inapofungwa. Ikarudishwa. Akaomba tena. Hakusema kitu, alikaa akaitazama ile kamba, na mjukuu wake yuko pembeni kamshika mkono. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na kitu, nililia.

#11 Fundi Projekta

Heshima kwenu. Mimi niseme ya ufundi.

Ukuta ni bora kuliko shuka kwa hapa kwetu. Kuanzia Juni upepo wa jioni unalijaza shuka kama tanga la jahazi, nyuso za watu zinapinda. Kama lazima shuka, litobolewe matundu pembeni kila baada ya hatua, lifungwe kwa kamba ya mpira pande zote nne, na chini lizibwe na mbao, siyo mawe. Spika ziwe mbele chini ya picha. Watu wengi wanaziweka karibu na projekta nyuma, sauti inatoka mgongoni mwako na mdomo unauona mbele, akili inachoka bila wewe kujua. Na vumbi: funika projekta kila inapozimwa, lakini isubiri ipoe kwanza.

La pili ni kaseti. Nina wateja wananiletea VHS za harusi na filamu za Kibongo za mwanzo mwanzo, zile kabla ya DVD kushika soko. Wanazichomeka tu kwenye deki. Jamani, kaseti yenye ukungu, ule weupe unaouona kwenye kidirisha, ukiicheza unachafua deki, na deki inaambukiza kaseti zote zitakazofuata. Itenge, iletwe kwa mtu aisafishe, na ichezwe mara moja tu huku inanakiliwa. Zisimamishwe kama vitabu, zisilazwe. Ukavu wa Dodoma ni bahati kwetu. Kaseti iliyokaa Dar miaka ishirini na iliyokaa hapa hazifanani hata kidogo.

#12 Kijana wa Nkuhungu

Nimewasoma wote. Swali langu: Senegal, Senegal, Senegal. Za kwetu je?

#13 Mwalimu Mstaafu

Mjukuu wangu una haki ya kuuliza. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Arusi ya Mariamu ya 1985 waliifanya Nang'ayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Inamhusu mke wa mjini ambaye hospitali imeshindwa kumponya, mpaka anapopelekwa kwa mganga wa kienyeji. Mulvihill huyo huyo akaja kufanya Maangamizi na Martin Mhando, ikatoka 2001, na ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kushindania Oscar. Halafu 2021 Amil Shivji akatuletea Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi niliyoisomesha miaka mingi.

Ziweke hizo tatu kwa mfuatano. Daktari na mganga katika mbili za kwanza: Arusi inauliza nani ataponya mwili, Maangamizi inauliza nani ataponya kumbukumbu. Mimi ningeweza kuzungumza juu ya hilo mpaka kuche.

#14 Upepo wa Chimwaga

Mwalimu, dakika tano za Ijumaa hiyo ni zako, hakuna mwingine.

Kijana wa Nkuhungu, tulianza na Sembène kwa sababu ndiye niliyemjua kwa mpangilio, huo ndio ukweli. Lakini njia ni ile ile. Na tusiidharau awamu ya Kanumba na wenzake. Filamu zile zilipigwa kwa fedha kidogo na haraka, lakini ziliuzwa kila kibanda kuanzia Kigoma mpaka Kongo. Mtu akizipanga vizuri tutaona nyumba zetu zilivyobadilika, makochi, simu, namna ya kumsalimia mkwe. Marehemu aliondoka Aprili 2012 akiwa kijana kabisa, na kazi zake zimetawanyika kwenye madisiki yaliyokwaruzika.

#15 Mtu wa Nala

Nimebadilika kidogo, naomba niseme lile ninalolijua kikazi. Mkitaka kufanya hadharani, kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Kibali kinapitia Bodi ya Filamu. Pili, hakimiliki. Kununua DVD dukani kunakupa haki ya kuitazama nyumbani kwako, hakukupi haki ya kuionesha mbele ya watu, hata kama hamtozi kiingilio. Mwandikieni mwenye haki mapema, mumweleze ni watu wangapi, mahali gani, bure au la. Wenye filamu za namna hii mara nyingi wanapunguza sana bei kwa shule na makumbusho. Kwa za nyumbani, anzeni na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, muulize mwenye haki ni nani. Andikeni barua, msitegemee simu. Barua inabaki.

#16 Kijana wa Nkuhungu

Na lugha? Filamu za Sembène nyingi ni za Kiwolofu na Kifaransa, maandishi chini ni ya Kiingereza. Mama yangu hasomi hata ya Kiswahili. Vibandani tuna madj wa kutafsiri, tangu enzi za Lufufu. Tuwaite?

#17 Fundi Projekta

Hapana mkuu. DJ anafunika filamu yote kwa sauti yake. Filamu kama hizi kimya kina kazi.

#18 Upepo wa Chimwaga

Hapa sikubaliani na Fundi moja kwa moja. Lufufu na wenzake waliwafungulia filamu watu ambao hakuna mwingine aliyewafikiria, na hilo ni jambo kubwa. Tunachoweza kufanya ni kumpa msomaji karatasi iliyotafsiriwa sentensi kwa sentensi, akae pembeni na kipaza sauti kidogo, asome maneno tu wahusika wanapozungumza, wakinyamaza na yeye anyamaze. Asiongeze chumvi. Tulijaribu mara moja kwa nusu saa na akina mama wa mkekani walitushukuru.

Mpango ninaoupendekeza kwa kiangazi kijacho ni huu, mnikosoe. Tuanze tena na Borom Sarret na La Noire de… ya 1966 siku moja, maana zote fupi. Kisha Mandabi ya 1968, ambayo aliifanya kwa Kiwolofu ili watu wa kwao waisikie. Hapo mzee Ibrahima Dieng anatumiwa hundi ya posta kutoka Paris, faranga 25,000, anaambiwa alete kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka tarehe ambayo haijui. Nani Dodoma hajapanga foleni ya namna hiyo? Xala ije baada yake, watu wakiwa wameshamjua mwenyewe, halafu Thiaroye na Moolaadé. Ijumaa ya sita tuimalizie na za kwetu tatu kwa siku nzima, Mwalimu akiwa mbele. Ya saba, haki zikipatikana, tuhamie Mpwapwa na ile ya mifugo.

Ninachokosa ni msomaji wa Mandabi. Kuna barua ndefu kutoka kwa mpwa wake aliye Paris anafagia barabara, inayosomwa kwa sauti posta kwa sababu mzee hajui kusoma. Anampangia fedha: hizi zako, hizi za mama yangu, zilizobaki niwekee. Ukiisoma vibaya hiyo barua, filamu yote imeanguka. Nataka mwanamke, na asiwe mtangazaji.

#19 Binti Kolo

Nitasoma mimi. Bibi yangu nilikuwa namsomea barua za mjomba kutoka Mererani, najua unapumzika wapi ili mtu mzima apate nafasi ya kusema "ehe". Nitumie karatasi mapema, niisome mara tatu kabla ya siku.